Mipaka ya Kura katika Demokrasia ya Chama Kimoja: Utafiti wa Lionel Cliffe Ukitazamwa kutoka Msalato, Dodoma

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 ulichapishwa jijini Nairobi mkusanyiko wa tafiti uitwao One Party Democracy, uliohaririwa na Lionel Cliffe, Mwingereza aliyefundisha siasa nchini Tanzania tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Mkusanyiko huo ulihusu uchaguzi mkuu wa Septemba 1965, na jina lake lilikuwa hoja tosha: kwamba demokrasia na chama kimoja vyaweza kukaa katika nyumba moja. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1964, mtaalamu mwingine wa sayansi ya siasa, Juan Linz, alikuwa ameieleza Hispania ya Franco kuwa utawala wa aina ya pekee, usio wa kidemokrasia wala wa kiimla. Kwa mujibu wa Linz, utawala wa namna hiyo huruhusu sauti kuwa nyingi, lakini kwa mipaka, na wenye sauti hizo hawawajibiki kwa wananchi.

Makala haya yanachunguza ni kwa kiasi gani Tanzania ya wakati huo ilikaribia fasili ya Cliffe au ile ya Linz. Uchunguzi unafanywa kwa kuitazama historia hiyo kutoka Msalato, kaskazini mwa mji wa Dodoma kwenye barabara iendayo Arusha, katika nchi ya Wagogo. Hoja kuu ni kwamba kura ya mwaka 1965 ilikuwa ya kweli kuhusu nani awe mbunge, lakini haikufika kwenye maamuzi yaliyogusa ardhi na makazi ya mpigakura. Kwa hiyo, utafiti wa demokrasia hauna budi kuuliza si tu kama watu walichagua, bali pia walipewa nini cha kuchagua.

2.0 Jembe na Nyumba

Hoja ya Cliffe ilikuwa na msingi. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote vilipatikana bila kupingwa. Maana yake ni kwamba wananchi wengi hawakupata nafasi ya kupiga kura. Mwaka 1962, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC aligombea urais dhidi ya Julius Nyerere na hakufikisha hata asilimia 2 ya kura. Ushindani wa vyama ulikuwapo kisheria, lakini haukumpa mpigakura chaguo lolote la maana.

Tume ya Rais iliyoundwa mwaka 1964 chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa ilitafuta njia ya kuurejesha ushindani ndani ya chama chenyewe. Kwa utaratibu uliotokana na kazi hiyo, mkutano mkuu wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Wagombea walisimama pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakakatazwa kutumia kabila, rangi au dini kujinadi, na wakatakiwa kuzungumza Kiswahili.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Miongoni mwa walioshindwa alikuwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Ni nadra kwa utawala wa kimabavu kumwacha mkulima amwondoe waziri wa fedha kwa karatasi ya kura. Cliffe na wenzake, waliofuatilia kampeni jimbo kwa jimbo, walikuwa na haki ya kuliona tukio hilo kuwa jambo zito.

Hata hivyo, kanuni zilezile zilizoleta ushindani ziliuwekea ukuta. Wagombea wote wawili walikuwa wa chama kimoja na sera moja. Mpigakura aliulizwa ni nani ataitumikia vizuri zaidi sera iliyokwisha kuamuliwa, hakuulizwa kama anaitaka. Kwa upande wa urais, jina lilikuwa moja, na jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Nje ya kituo cha kura ilikuwapo Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Aidha, mwaka 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, nao wakapoteza ubunge pamoja na uanachama. Kiti kilichotolewa na wapigakura kiliweza kutwaliwa na chama.

3.0 Kutoka Hiari hadi Amri

Ukuta huo ulidhihirika zaidi katika uwanda wa kati. Waraka wa Nyerere wa mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini ulisisitiza kuwa watu washawishiwe, wasilazimishwe. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, nayo iliwahamisha wakazi wa Ugogo kwa wingi kwenda katika vijiji vilivyopangwa. Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafanya kazi pamoja na wanakijiji, lakini ushawishi wa mfano huo uliambatana na shinikizo la viongozi. Novemba 1973 hiari ilikoma rasmi: kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima, na kazi hiyo ikatakiwa ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976.

Kwa Mgogo jambo hili halikuwa dogo. Katika nchi ya mvua haba, kaya zilizotawanyika, kila moja na tembe na zizi lake, zilikuwa njia ya kugawana malisho, maji na udongo usiochoka. Kuzikusanya kaya mahali pamoja kulimaanisha mifugo mingi kwenye malisho machache na mashamba kuwa mbali. Hilo ndilo suala ambalo mkazi angependa kuulizwa, nalo halikuwamo kwenye karatasi ya kura ya mwaka 1965 wala ya mwaka 1970.

4.0 Makao Makuu na Ardhi ya Wenyeji

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Hapa jambo lenyewe, si jina la mtu, lilipigiwa kura: matawi ya chama nchini yaliulizwa, na zaidi ya nusu yakaunga mkono. Lakini waliopiga kura walikuwa wanachama wa nchi nzima, ilhali ardhi iliyopangiwa mji ilikuwa ya wenyeji wa Dodoma na vitongoji vyake, Msalato ikiwa miongoni mwavyo.

Upangaji na ugawaji wa ardhi ulikabidhiwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, chombo ambacho wakazi hawakukichagua. Utaratibu huo ulidumu hata baada ya vyama vingi kurejeshwa tarehe 1 Julai 1992. Mkazi aliweza kumchagua diwani wa chama chochote, lakini kiwanja chake kiliendelea kuwa chini ya mamlaka isiyowajibika kwa kura yake. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017, baada ya malalamiko ya ardhi ya muda mrefu, na kazi zake zikapelekwa halmashauri ya Dodoma. Uvunjaji wenyewe ulitokana na uamuzi wa Rais.

5.0 Hitimisho

Si haki kumlaumu mtafiti wa mwaka 1965 kwa mambo ya mwaka 1973. Cliffe aliona sawasawa kwamba idadi ya vyama haitoshi kuupima utawala. Lakini kipimo chake, yaani ushindani wa wagombea, hakikutosha pia. Mwaka 2010 Steven Levitsky na Lucan Way waliiweka Tanzania ya vyama vingi katika kundi la tawala za kimabavu zenye ushindani. Fasili hiyo nayo hutazama zaidi usawa wa uwanja kati ya vyama. Historia ya Msalato na Ugogo inaongeza swali la tatu: je, jambo linalomgusa mwananchi zaidi, kama vile mahali pa kulala, pa kulima na pa kuchungia, limo miongoni mwa mambo ambayo kura yake inaweza kuyabadili? Pale ambapo halimo, kura huamua nani atakayeleta amri, na amri yenyewe hubaki ilivyo.