Mwali wa leza uliomaliza ubishi wa Moscow

Agosti 1968, mjini Novosibirsk, mwanafizikia wa Kisovieti Lev Artsimovich aliwaambia wenzake waliokusanyika kutoka pande zote za dunia kwamba T-3, tokamaki ya Warusi iliyokuwa Moscow (mtambo unaoshika plazma, yaani gesi ya moto yenye elektroni zilizo huru, kwa usumaku), imepasha plazma joto la nyuzi takriban milioni 10. Wengi kutoka Magharibi hawakusadiki. Walikuwa na sababu: miaka 10 nyuma Waingereza walitangaza kwa shangwe kwamba mtambo wao wa ZETA umeunganisha viini vya atomu, kisha wakalazimika kufuta kauli.

Kiini cha ubishi kilikuwa namna ya kupima. Warusi walitegemea nyaya zilizozungushwa kwenye chombo, zinazohisi mabadiliko ya usumaku. Nyaya hizo huonyesha shinikizo la plazma, na shinikizo ni zao la mambo mawili: msongamano wa elektroni na joto lake. Elektroni chache zenye kasi ya ajabu zingeweza kulipandisha, mtu akadhani plazma nzima inatokota. Ilibidi elektroni zenyewe zihesabiwe na kupimwa joto pale pale zilipo, bila kutumbukiza kifaa chochote ndani.

Njia ilikuwepo. Mwanga ukipiga elektroni hutawanyika, na nadharia yake ilishawekwa na J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni. Ni kama vumbi linavyoonekana ghafla mwali wa jua unapopenya dirishani: kadiri chembe zilivyo nyingi, ndivyo mwanga unaorudi ulivyo mwingi. Tena elektroni zinazokimbia hubadilisha rangi ya mwanga huo, na upana wa mabadiliko hutaja joto. Kipimo kimoja, majibu mawili.

Taabu ni kwamba elektroni ni shahidi mwenye sauti ndogo mno. Katika plazma kama ya T-3, kila fotoni bilioni 100 zinazopita sentimita moja, mbili hivi tu ndizo hutawanyika, na plazma yenyewe inang'aa na kuzifunika. Kabla ya leza ya yakuti nyekundu kubuniwa mwaka 1960, hapakuwa na taa ya kutosha kazi hiyo. Leza humimina nguvu zake zote kwa nanosekunde chache, na vipokezi husikiliza wakati huo tu. Ili kujua kiasi cha mwanga ni sawa na elektroni ngapi, mafundi hujaza chombo gesi ya shinikizo linalojulikana, wakapiga leza na kulinganisha.

Artsimovich akafanya jambo ambalo mimi naliheshimu kuliko hata mtambo wake: katikati ya Vita Baridi, alimwalika Bas Pease, mkuu wa maabara ya Culham huko Uingereza, alete wapimaji wake. Mwaka 1969 Nicol Peacock, Derek Robinson, Mike Forrest na Peter Wilcock wakawa Moscow na vifaa vya tani kadhaa, wakifanya kazi bega kwa bega na Sannikov, mwenyeji wao.

Novemba mwaka huo jarida la Nature lilichapisha majibu: elektroni trilioni 10 hadi 30 katika kila sentimita moja ya ujazo, na joto lililofika zaidi ya nyuzi milioni 11. Warusi walisema kweli. Huko Marekani, Princeton waliugeuza mtambo wao mkubwa kuwa tokamaki mwaka 1970.

Baadaye Culham ikajengewa tokamaki kubwa ya JET, iliyowashwa 1983. Huko leza ilipigwa kwa muda mfupi kuliko nanosekunde moja, na saa ya mwanga kurejea ikawaeleza wapimaji msongamano ni kiasi gani katika kila sehemu ya plazma.