Mpira Unaodunda: Jinsi Michoro ya Sinema Ilivyopata Uzito

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu ya risasi. Ninyi wa darasa la Usagara, hapa Tanga, ambao mwalimu wenu ameleta kiroba cha unga kama nilivyomwomba, kiwekeni mezani mahali ambapo wote watakiona. Msicheke. Unga huo leo si wa kupikia, ni wa kusomea.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ufundi mmoja mdogo: ufundi wa kuchora kitu kikibonyea na kunyumbuka. Huo ndio uliozipa katuni za sinema na za televisheni uzito wake.

Kwanza tuelewe sinema ni kitu gani. Katika sinema hapana picha hata moja inayotembea. Ziko picha nyingi zilizosimama, nazo hupita mbele ya macho upesi sana, 24 kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuzitenga, basi huziunga zikawa mwendo. Mchoraji wa katuni wa zamani alizichora picha hizo moja moja kwa mkono. Mara nyingi kila mchoro ulipigwa picha mara mbili, kwa hiyo michoro 12 ilitosha kwa sekunde moja. Haya, fanyeni hesabu: dakika moja ni michoro mingapi? Ni 720. Na hiyo ni dakika moja tu.

Sasa chukueni sarafu ya shilingi, mzungushie kalamu mpate duara. Mtu akichora duara hilo juu ya karatasi, kisha chini kidogo, kisha chini zaidi mpaka ardhini, halafu akalipandisha tena, atapata kitu kinachoshuka na kupanda. Lakini je, ataona mpira? Hataona. Ataona ile shilingi yenyewe, kipande cha chuma kinachosukumwa na mkono usioonekana. Mpira wa kweli ukigonga ardhi hubonyea. Basi mchoraji naye huuchora pale chini ukiwa mpana na mfupi, kama andazi lililokaliwa. Unapoondoka kwa kasi huunyumbua ukawa mrefu kama yai, ukielekea kule unakokwenda. Ukifika juu kabisa, pale mwendo unapokwisha kabla haujaanza kuanguka, huurudisha ukawa duara.

Iko kanuni moja hapa, na asiyeishika huharibu kazi yote. Mwalimu, kibonyeze kiroba hicho kwa kiganja. Kimekuwa kifupi, sivyo? Lakini kimetanuka ubavuni. Sasa kishike kwa juu ukining'inize. Kimekuwa kirefu, na kiuno chake kimekonda. Je, unga umeongezeka au umepungua? Ni ule ule. Ujazo haubadiliki. Mchoraji akiubonyeza mpira bila kuutanua, mtazamaji ataona mpira uliotobolewa unaonywea. Akiurefusha bila kuukondesha, ataona mpira unaovimba.

Kanuni hiyo yaonekana nyepesi, kwani kila mama aliyebeba unga kutoka sokoni anaijua mikononi mwake. Hata hivyo wachoraji wa sinema walikaa miaka mingi kabla ya kuitumia kwa makusudi. Mfaransa Émile Cohl alionyesha michoro yake, *Fantasmagorie*, huko Paris mwaka 1908. Mmarekani Winsor McCay alifuata mwaka 1914 na mnyama wake mkubwa Gertie. Kisha mwaka 1928 Walt Disney na mchoraji wake Ub Iwerks wakatoa *Steamboat Willie*, filamu ya panya Mickey iliyojulikana dunia nzima. Lakini tazameni mikono na miguu ya katuni nyingi za siku zile: ni kama mipira ya kumwagilia bustani, yapinda popote bila kiwiko wala goti. Zachekesha, lakini hazina uzito.

Mwaka 1932 Disney alimwita mwalimu wa sanaa, Don Graham, aje kuwafundisha wachoraji wake. Na alifundisha lini? Jioni, baada ya kazi. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye mishahara, wengine wenye sifa tayari katika ufundi wao, nao wakakaa tena na kuanza kujifunza namna ya kutazama. Walitazama filamu za watu na wanyama zilizopunguzwa mwendo. Walitazama picha za michezo katika magazeti, wakaona ajabu: mwili wa mwanamichezo huvutika na kujikunja kuliko mtu awezavyo kudhani. Jicho letu halitupi habari hiyo, kwa sababu jambo lenyewe hupita upesi mno.

Zoezi lao moja mashuhuri ndilo lililonifanya niombe unga. Waliambiwa wachore gunia la unga lililojaa nusu, lisilo na macho wala mdomo, na walifanye lionekane limefurahi, limechoka, au linaona haya. Jaribuni na kiroba chenu. Kikisimama wima, pembe zake za juu zikachomoza, ni kama mtu mwenye majivuno. Kikilala nusu, unga ukashuka chini, kina huzuni tele. Uso haupo, uzito ndio unaosema. Baada ya kuelewa hivyo wachoraji walianza kushindana, kila mmoja akitaka mchoro wake ubonyee na kunyumbuka kupita wa mwenziwe. Mmoja wao, Fred Moore, asifiwa hasa kwa kumlegeza Mickey, mashavu na tumbo vikaanza kufuata mwendo. Mwaka 1937 ikatoka *Snow White*, hadithi ndefu yote kwa michoro, na watu wazima walilia ukumbini kwa ajili ya kitu kilichokuwa wino na rangi.

Mwaka 1981 wazee wawili wa kazi hiyo, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliandika kitabu kikubwa wakazitaja kanuni 12 za ufundi wao. Ya kwanza ni hii ya kubonyea na kunyumbuka. Kompyuta zilipoingia, wengine walidhani imekwisha kazi. Haikuisha. Mwaka 1986 John Lasseter alionyesha filamu fupi ya taa mbili za mezani, kubwa na ndogo. Taa ni chuma, haiwezi kubonyea kama unga. Basi aliikunja kwenye viungo vyake kabla ya kuruka, kisha akainyoosha. Kanuni ni ile ile, imeingizwa katika kitu kigumu.

Lakini mambo haya ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Katika wilaya ya Korogwe, juu milimani Usambara, pako mahali paitwapo Vugiri. Hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Mkuu wa kazi alikuwa Major Notcutt, mtu aliyekwisha kusimamia mashamba ya mkonge, na fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Waigizaji walikuwa watu wa huku. Filamu zilihusu kodi, akiba ya posta, magonjwa, mmomonyoko wa udongo, nazo zilizungushwa kwa lori katika nchi kadhaa.

Kazi hiyo ilikuwa na faida yake. Lakini miaka ile ilienea fikira miongoni mwa watawala kwamba Mwafrika hawezi kuelewa picha za haraka wala za hila. William Sellers, aliyeongoza idara ya filamu za makoloni ya Waingereza iliyoanzishwa mwaka 1939, alifundisha hivyo: filamu iende polepole, isiwe na ujanja wowote. Na katuni ni kitu gani, kama si ujanja toka mwanzo hata mwisho? Haikuwa mpaka mwaka 1951 taarifa ya Norman Spurr ilipochapwa, baada ya yeye kuwaonyesha watu wa magharibi mwa Uganda katuni ya Disney juu ya minyoo ya safura na kuwatazama wao wenyewe walivyoipokea. Kwa maoni yangu, watu waliokua wakisikiliza hadithi za sungura kila usiku hawakuhitaji kufundishwa kwamba mnyama aweza kufanya yasiyowezekana.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 kijana mmoja kutoka Tunduru alikuwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga akitafuta riziki. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama juu ya mbao nyembamba kwa rangi za mafuta. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake uliendelea. Mwaka 2010 wanyama wa mtindo huo walionekana wakitembea na kuimba katika televisheni ya Uingereza, katika *Tinga Tinga Tales*, iliyotengenezwa Nairobi. Fikirini ugumu wake: chui wa Tingatinga ana madoa yaliyopangwa kwa uangalifu, na mwili ukinyumbuka madoa nayo lazima yanyumbuke, la sivyo yataonekana kama nzi waliotua juu ya ngozi. Na tangu mwaka 2014 vijana wa Dar es Salaam wamekuwa wakitengeneza *Ubongo Kids*, katuni za kufundisha hesabu na sayansi, kwa Kiswahili.

Sasa zoezi. Katika pembe ya chini ya daftari lenu, chukueni kurasa 12 zinazofuatana, mchore mpira mmoja katika kila ukurasa. Katika ukurasa wa 1, 2 na 3 uwe juu, duara, ukishuka kidogo tu kila mara. Katika wa 4 na wa 5 uruke mbali zaidi na urefuke. Wa 6 ndio wa ardhini: ubonyezeni. Wa 7 na wa 8 urefuke tena ukipanda, na kuanzia wa 9 urudi polepole kuwa duara mpaka ufike ulikoanzia. Kisha pindeni kurasa kwa kidole gumba na kuziachia upesi. Ukionekana mzito mno, au mwepesi kama puto, andikeni sentensi tatu kueleza ni ukurasa upi wa kusahihishwa na kwa nini, mkampe mwalimu kabla ya somo lijalo. Maneno ya kunakili ni haya: ujazo, kunyumbuka, kiroba, mchoraji. Kwaherini.