Andalusia: Jua, Bustani na Hina Iliyokatazwa



Mabibi harusi wanaotafuta pa kwenda fungate mbali na visiwa vyetu, leo tunawapeleka Andalusia, kusini mwa Hispania: jua la kutosha, michungwa barabarani na ufukwe wa Mediterania.

Waislamu waliingia huko mwaka 711 wakiongozwa na Tariq ibn Ziyad. Mjini Córdoba, msikiti ulioanza kujengwa karne ya 8 umesimama hadi leo na matao yake mekundu na meupe, mashaallah. Mji huo ndio wa Lubna, mwanamke msomi aliyekuwa mwandishi wa Khalifa al-Hakam wa Pili. Granada kuna kasri la Alhambra, na kutani kumechorwa tena na tena: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Lakini sisi washonaji tunataka mjue na habari ya nguo.

Granada ilianguka mwaka 1492. Baada ya miaka michache Waislamu wakalazimishwa kubatizwa. Mwaka 1567 ikatoka amri ya Mfalme Felipe wa Pili: wasiseme Kiarabu, wasiende hamamu, wanawake watembee uso wazi. Nguo zao za hariri wakapewa mwaka mmoja wa kuzimaliza, za sufi miaka miwili. Hina marufuku. Siku za Ijumaa na za harusi, milango ya nyumba iachwe wazi ili ndani kuonekane.

Hebu fikirini: bi harusi anapambwa, na mlango uko wazi kwa askari.

Mwaka 1568 wakaasi, wakapigana kwenye milima ya Alpujarras, wakashindwa. Kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa Hispania, wengi wakavuka bahari kwenda Morocco, Algeria na Tunisia.

Mkijaaliwa kwenda, tiketi za Alhambra kateni mapema, na pasipoti muwe nazo. Msikiti wa Córdoba ni kanisa tangu 1236, na Muislamu haruhusiwi kuswali ndani, basi tazameni na mtoke kwa adabu. Kwa swala, Granada upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 mtaa wa Albaicín, unatazamana na Alhambra.

Na wewe unayeolewa mwezi huu, ukikaa kupakwa hina, mlango umefungwa, dada na wifi zako wanaimba, sema Alhamdulillah. Kuna waliokatazwa hata hilo.