Siri ya Eleusis: ukinyamaza, mwingine atakusimulia

Leo twende Ugiriki ya zamani, kwenye mji mdogo wa Eleusis, kama kilomita 20 kutoka Athens. Hapo palikuwa na ibada iliyodumu karibu miaka 1000. Maelfu kwa maelfu walipitia humo, na karibu wote walikufa bila kusema walichoonyeshwa.

Ibada za namna hii huitwa dini za siri. Mtu aliingia kwa hiari yake, akapitishwa hatua kwa hatua, akafunga mdomo. Ninyi mnaotoka kwenye jamii za jando na unyago mtatuelewa haraka: kuna mambo ambayo aliyepita hamwambii asiyepita.

Ilianzaje? Wagiriki wenyewe walisimulia hivi. Demeter, mungu mama wa nafaka, alinyang'anywa binti yake Persephone na Hades, mfalme wa wafu. Mama akamtafuta siku tisa, mienge mkononi, hali wala hanywi. Baadaye akafika Eleusis kwa sura ya bibi kizee, akakaa karibu na kisima. Mabinti wa mfalme wakaja kuteka maji, wakamuuliza: bibi, wewe ni nani, umetoka wapi? Wakamkaribisha kwao, akapewa mtoto wa kulea. Kwa uchungu wake aliizuia ardhi isizae, njaa ikaingia, mpaka binti akarudishwa, tena kwa sehemu ya mwaka tu. Yaani dini iliyokuja kuheshimiwa na wafalme ilianza na mama aliyepotelewa na mtoto, akapokelewa na watu asiowajua. Sisi tunaoishi kambini hapo hatuhitaji maelezo mengi.

Nani aliruhusiwa? Wanaume, wanawake, watumwa, hata wageni. Masharti makubwa yalikuwa mawili: uelewe Kigiriki, na usiwe umeua mtu. Fikiria, katika Athens mwanamke na mtumwa hawakuwa na kura, lakini kwenye ibada hii walisimama pamoja na mabwana.

Kila mwaka, kwenye mwezi wa Septemba hivi, waliojiandikisha walioga baharini, wakatoa sadaka ya mtoto wa nguruwe, wakafunga kula, kisha wakatembea kwa maandamano kutoka Athens hadi Eleusis. Walikunywa kinywaji cha shayiri na majani ya mnanaa. Usiku wakaingia kwenye ukumbi mkubwa wa kubeba maelfu ya watu, na humo wakaonyeshwa vitu vitakatifu. Walitoka bila kuogopa kifo kama zamani. Cicero, mwanasiasa wa Roma aliyepitia huko, aliandika kwamba ibada hizo ziliwafundisha watu kuishi kwa furaha na kufa wakiwa na tumaini jema zaidi.

Siri haikuwa mchezo. Kuitoa nje adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari maarufu wa Athens, alishitakiwa kwamba yeye na rafiki zake waliigiza ibada hiyo nyumbani kwa kejeli. Alikimbilia Sparta, kwa maadui, na huku nyuma akahukumiwa kufa.

Sasa, iliangukaje? Haikuanguka siku moja. Mwaka 170 BK hivi wavamizi kutoka kaskazini waliliharibu hekalu, lakini Kaisari Marcus Aurelius akalijenga upya, na yeye mwenyewe akaingia kwenye ibada. Kwa hiyo moto peke yake haukutosha kuimaliza. Kilichoimaliza ni mambo kukutana. Dola ya Roma ilikuwa imegeuka ya Kikristo, watu wengi wakahamia kanisani, na mwaka 392 Kaisari Theodosius akapiga marufuku sadaka za miungu ya zamani. Miaka michache baadaye, kama mwaka 396, Wagothi wa Alaric walipita wakiharibu. Safari hii hapakuwa na Kaisari wa kujenga tena.

Kuna jambo lingine. Ibada ya Isis, mungu wa Misri, ilisafiri na wafanyabiashara na mabaharia. Kufikia mwaka 333 KK Wamisri walikuwa wamepewa ruhusa ya kujenga hekalu lake kwenye bandari ya Athens, na baadaye likaonekana hata Roma. Nayo ilikuja kuisha, lakini mji mmoja ukibomolewa, ilibaki kwingine. Eleusis ilifungwa mahali pamoja, kwenye ukumbi mmoja, na kuhani mkuu alitoka kwenye ukoo mmoja. Mahali palipovunjika, hapakuwa na pa kuihamishia.

Halafu angalia matokeo. Mengi yanayosemwa leo kuhusu yaliyofanyika ndani yameandikwa na waandishi wa Kikristo kama Clement wa Alexandria, watu walioipinga ibada hiyo. Wenyewe walinyamaza, kwa hiyo wapinzani wao ndio wakawa mashahidi wao.

Hapo ndipo habari hii inatugusa. Wazee wetu wamebeba vitu vingi vilivyofungwa mahali tulipopaacha: majina ya milima, nyimbo za kuvuna, namna ya kuzika, nani alizaliwa na nani. Wengine hawasemi kwa sababu ni siri, na hiyo tunaiheshimu. Lakini wengine hawasemi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Kwetu sisi hivyo ni vitu viwili tofauti, hata kama mwisho wake unaweza kuwa sawa.

Kwa hiyo tunaomba hivi: wiki hii kila mmoja akae na mzee mmoja, awe wa kwao au jirani wa bloku. Muulize, na umwache yeye aamue kipi kiandikwe na kipi kibaki kwake. Andika kwa lugha yake kwanza, Kiswahili baadaye. Daftari linatosha. Na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mkija kutuhesabu, mtuachie na nafasi ya kujisimulia wenyewe.