Digrii Iliyofuatwa Ng'ambo

Tunapoyakumbuka matendo ya wazee wetu katika mwaka huu wa jubilei, desturi yetu ni kuhesabu makanisa yaliyojengwa, watu waliobatizwa, na mapadre waliopewa daraja takatifu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini yafaa tuwakumbuke pia wale waliotoka katika shule za misioni wakavuka bahari kutafuta digrii, kwa kuwa hata leo vijana wa parokia huwajia walimu wao na kuwauliza: Niende nchi gani? Nisome nini? Na wazazi huongeza swali lao, tena kwa hofu: Je, atarudi? Maswali hayo ni ya zamani. Twataka kuyatazama katika maisha ya mtu mmoja ambaye nyote mwamjua kwa jina la Mwalimu, yaani Julius Kambarage Nyerere, hasa katika ile miaka yake ambayo husimuliwa kwa nadra.

Zamani za Waingereza, kijana wa Tanganyika aliyefaulu masomo yake yote hakuwa na mahali pa kupatia digrii katika Afrika ya Mashariki. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilitoa diploma tu, na aliyeipata alihesabiwa kuwa amefika mwisho wa njia. Aliyetaka zaidi aliweza kwenda Fort Hare, chuo kilichofunguliwa Afrika ya Kusini mwaka 1916. Au aliweza kubaki nyumbani na kujiandaa kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha London, ambacho tangu mwaka 1858 kiliwafungulia mitihani yake watu wasiohudhuria masomo chuoni. Lakini njia hiyo ilimtaka mtu ajisomee peke yake, usiku, baada ya kazi, bila mwalimu wa kumsahihisha. Au mwishowe alivuka bahari kwenda Ulaya au Marekani, na hapo ndipo penye neno zito, maana wakulima na wafugaji wetu hawakuwa na fedha za safari hiyo.

Nyerere alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, akabatizwa Desemba ya mwaka ule wa kwanza. Aliporudi aliingia kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, iliyokuwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Mkuu wake alikuwa Padre Richard Walsh. Padre huyu hakuridhika kuwa na mwalimu hodari tu katika shule yake. Alimhimiza aende mbele, akamsaidia katika kupata msaada wa fedha za serikali. Twaomba walimu wakuu wanaosoma habari hii walifikiri jambo hilo, maana si kila mkuu wa shule yu tayari kumsukuma nje mwalimu anayemhitaji kesho asubuhi darasani. Mwaka 1949 Nyerere akaondoka. Alimwacha mama yake, Mgaya, huko Butiama, na mchumba wake Maria, naye pia mwalimu.

Alikwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ambao chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1583. Serikali ilikusudia asome sayansi, na kwa hesabu za mlipaji kusudi hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa huko Tabora alifundisha Biolojia. Lakini yeye aliomba masomo mengine, akakubaliwa. Hapa yatupasa tueleze desturi ya nchi ile, kwa sababu huwachanganya wengi. Katika vyuo vikuu vya kale vya Uskoti digrii ya kwanza ya masomo ya sanaa huitwa M.A., ambapo Uingereza na kwetu jina hilo ni la digrii ya pili. Mwanafunzi aliweza kuchagua njia mbili: ile ya heshima, ambayo huchukua miaka minne na kuzama katika somo moja au mawili, au ile ya kawaida, ya miaka mitatu, yenye masomo mengi mbalimbali. Nyerere alichagua ya kawaida. Akasoma fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria za katiba, elimu ya desturi za watu, na falsafa ya maadili.

Wako watakaosema kwamba alichagua njia nyepesi. Sisi hatusemi hivyo. Njia ile ilimpa upana, tena ikamwachia nafasi ya kusoma vitabu ambavyo hakuna mtihani uliovitaka. Na mwenyewe alieleza baadaye kwamba mawazo yake ya siasa yaliundwa huko Edinburgh. Fasihi aliyoisoma nayo haikulala, maana ndiye aliyemvika Shakespeare Kiswahili katika tafsiri ya Julius Caesar, iliyotoka kwanza mwaka 1963.

Alipata digrii yake mwaka 1952, akarudi nyumbani mwaka huo huo. Januari 1953 alimwoa Maria, akaanza kufundisha katika shule ya misioni ya St. Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Basi, wale waliouliza kama atarudi walijibiwa. Lakini hakukaa sana. Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, yeye akiwa kiongozi wake, na mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya chaki na siasa. Akaacha kazi, na mshahara wake pia, hali ana mke na watoto. Misioni ilikuwa imempoteza mwalimu wake, na hatuoni haja ya kuificha hasara hiyo. Madarasa yalikuwa mengi na walimu wenye digrii walikuwa wachache mno.

Makerere nayo, katika mwaka ule ule wa 1949 alioondoka yeye, ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, hata wanafunzi wake wakaanza kupata digrii za London mwaka 1953 bila kupanda meli. Na tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache, wote wa sheria.