Sewa Haji na Mtaji wa Kuaminiana



Wengi wetu tumewahi kwenda kumwona mgonjwa Muhimbili tukaelekezwa jengo la Sewahaji. Jina hilo lina mizizi hapa kwetu Bagamoyo. Sewa Haji Paroo, Mhindi aliyezaliwa Unguja mwaka 1851, alifanya biashara Bagamoyo zama ambazo misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia pwani hii.

Kazi yake ilikuwa kukopesha misafara. Watu walichukua vitambaa, shanga na waya za shaba, wakaenda bara miezi mingi, wakarudi na pembe za ndovu. Huko bara hakukuwa na polisi wa kumfuata mdeni. Aliyetaka mali ya safari ya pili ilimbidi alipe ya kwanza. Mkopeshaji naye akipunja, msafara ujao ungebisha hodi kwa jirani yake.

Hakuwa malaika. Mwaka 1871 Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, alilalamika kwamba kijana huyu alimchelewesha wapagazi na kumzidishia hesabu. Tena njia hiyohiyo ya pembe ilikuwa njia ya watumwa. Historia hiyo tusiifiche.

Lakini kilicholibakiza jina lake ni kile alichotoa. Alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba wasisome watoto wa Kihindi peke yao. Miaka ya 1890 akagharamia hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Alifariki mwaka 1897. Biashara ya pembe imekwisha; wagonjwa bado wanatibiwa chini ya jina lake.

Sisi je? Mara nyingi tunapigiana simu mtu anapotaka kazi, tenda au mkopo. Uhusiano wa namna hiyo hukatika shida ikiisha. Fundi anayemfundisha kijana wa jirani, muuguzi anayempokea mgonjwa kutoka nyumbani, mfanyabiashara anayelipa deni siku aliyoahidi: hao ndio wanaojenga jina, lao na la Kerege.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo toa mchango wako, dai stakabadhi, na mwisho wa mwaka njoo usikilize hesabu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.