Mbinu ya wachumi iliyoanzia kwenye mbolea

Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Uchumi ilikwenda kwa Michael Kremer, Esther Duflo na Abhijit Banerjee, kwa majaribio yao ya kupunguza umaskini. Mbinu yenyewe haikubuniwa na wachumi. Ilianzia shambani, ikapitia hospitali, ndipo ikafika Busia, magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1919 Ronald Fisher aliajiriwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuchambua rekodi za mavuno. Kipande kilichotiwa mbolea kikizaa sana, sifa ni ya mbolea au ya udongo? Fisher akaona dawa ni kura: iamue yenyewe kipande kipi kipate mbolea na kipi kikose, kwa kuwa kura haimpendelei mtu wala udongo. Mwaka 1948 watafiti wa tiba Waingereza, wakisaidiwa na mtakwimu Austin Bradford Hill, walichapisha matokeo ya kura kama hiyo kwa wagonjwa wa kifua kikuu waliojaribiwa dawa ya streptomaisini.

Miaka ya 1990, Kremer na wenzake waliihamishia mbinu hiyo kwenye shule za msingi za Busia. Baadhi zilipewa vitabu vya kiada, nyingine zikasubiri. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokwisha kuwa hodari. Wengi wengine walishindwa na Kiingereza cha vitabu hivyo.

Mwaka 1998, Kremer na Edward Miguel waligeukia dawa za minyoo katika shule 75. Hapo mbinu ya shambani isingeweza kuazimwa jinsi ilivyo. Mahindi hayaambukizani minyoo, watoto huambukizana. Ukimtibu Wafula, Nekesa aliye darasa moja naye hupata nafuu, na dawa huonekana haina nguvu. Kwa hiyo walilinganisha shule na shule, si mtoto na mtoto. Utoro ulipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda.

Mwaka 2015 wataalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka London walizirudia hesabu hizo. Walikuta makosa, hasa katika nafuu iliyodaiwa kufika shule za mbali, wakahoji pia mgawanyo wenyewe: shule zilipangwa kwa alfabeti, si kwa kura halisi. Mabishano yakawa makali, lakini yaliwezekana kwa sababu Miguel na Kremer walikubali kuwakabidhi takwimu zao.